Zawadi ya kudumu kwa mjukuu anayeshinda ufuoni: kisu, dira au darubini kuukuu?

Babu wa Kuze

Assalaam aleikum, ndugu zangu na wanangu.

Nina mjukuu wa kike, mtoto wa binti yangu wa pili, ambaye amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kusomea viumbe vya baharini. Tangu udogo wake ni mtoto wa nje. Maji yakipwa yuko mwambani na ndoo yake, maji yakijaa yuko ufuoni Mama Ngina akitazama meli zinavyoingia Kilindini, na kila likizo huvuka Likoni kwenda kwa shangazi yake Kwale ili wapande pamoja Shimba Hills. Nataka nimpe kitu kimoja tu, ambacho atakitumia huko huko nje na ambacho, Mungu akimjaalia umri kama wangu, bado atakuwa nacho.

Nimefikiria kisu kizuri cha kukunja, kwa kuwa mtu wa baharini hakosi kamba ya kukata. Nimefikiria pia dira ya shaba yenye kifuniko, kama zile zinazouzwa katika maduka ya watalii hapa Mji wa Kale. Lakini moyo wangu unarudi kwenye darubini yangu mwenyewe ya macho mawili, 7x50, niliyoinunua kwa baharia mmoja nilipokuwa karani wa shehena bandarini, na ambayo mtoto huyu alijifunzia kusoma majina ya meli kabla hajajua kusoma vitabu vyake vya shule vizuri. Tatizo ni kwamba kwa ndani imeanza kuota nyuzi nyeupe, na mama yake ananiambia ni aibu kumpa binti anayekwenda chuo kikuu kitu kilichotumika.

Nimetenga shilingi 25,000. Naomba wenye ujuzi wanieleze ni madini gani hasa hustahimili hewa yetu ya chumvi, kama darubini ya zamani inafaa kutengenezwa au ninunue mpya, na jina lake lichongwe wapi pasipoharibu kitu chenyewe.

Fundi wa Changamwe

Wa aleikum salaam, Mzee wangu. Mimi ni fundi wa vyuma, kwa hivyo nitasema ya vyuma na kuwaachia wengine mambo ya vioo.

Watu wengi wakisikia stenlesi huamini kwamba wamemaliza. Stenlesi ya kawaida, ile inayoitwa 304, ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, na katika miji ya bara hukaa miaka na miaka bila doa. Hapa kwetu, hasa kwa mtu anayeishi hatua chache kutoka majini, baada ya muda huanza madoa ya rangi ya chai na vitobo vidogo vidogo, kwa sababu chumvi huvunja ule utando mwembamba unaoikinga. Ile ya 316 imeongezwa molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na ndiyo inayotumika kwa vifaa vya mashua. Shida ni kwamba aina hizo mbili hazikubali kufanywa ngumu kwa moto, kwa hivyo hazitoi kisu kinachoshika makali. Chuma cha kisu kinahitaji kaboni, na kadiri kaboni inavyozidi ndivyo kutu inavyopata njia, isipokuwa vile visu vya wapiga mbizi vilivyotengenezwa kwa chuma chenye nitrojeni mahali pa sehemu kubwa ya kaboni, ambavyo kwa kweli havishiki kutu kwa urahisi. Mtu akioshe kisu chake kwa maji baridi yasiyo na chumvi, akikaushe na kukipaka mafuta, kitamtumikia. Je, mwanafunzi atafanya hivyo kila akitoka mwambani? Wewe ndiye unayemjua.

Kuhusu dira za maduka ya watalii, nitakuwa mkali kidogo. Nyingi zimetengenezwa ziwe pambo la mezani. Ukitaka kuhakikisha, iweke dira juu ya meza iliyo sawa na uiache itulie, kisha usogeze kijiko cha chuma hadi sindano igeuke, ukiondoe, na utazame inarudi wapi. Fanya hivyo mara kadhaa. Dira ya kweli hurudi pale pale kila mara, ilhali ya pambo husimama leo hapa na kesho pale kwa sababu ncha inayobeba sindano ni butu na inakwaruza. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Sumaku ya dunia huigeuza sindano na pia huiinamisha, na kiasi cha kuinamisha hutofautiana kati ya Ulaya na hapa, kwa hivyo watengenezaji makini huisawazisha sindano kulingana na eneo la dunia itakakotumika. Iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ikiletwa Mombasa ncha yake ya kusini huinama, na pengine hugusa chini na kugoma. Akitaka dira, nunua ya plastiki iliyojaa kimiminika, iliyosawazishwa kwa upande wetu wa dunia, hata kama haina sura ya urithi.

Shaba yenyewe siipingi. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na ikilala ndani ya maji ya bahari zinki hutoka, ikabaki shaba nyekundu inayomeguka. Lakini ikiwa hewani tu, hubadilika rangi na basi, na bibi zetu waliisugua kwa ukwaju au ndimu ikarudi kung'aa. Bronzi, yaani shaba na bati, ni bora zaidi majini. Nenda siku moja kwenye jumba la makumbusho la Fort Jesus utazame vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, ile meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka wa 1697 wakati wa mazingiwa. Udongo wa kuchoma na shaba vimefika hadi leo na sura zao. Chuma kikikaa majini muda kama huo hugeuka bonge.

Mtembeza Wageni, Mida

Shikamoo Babu.

Kazi yangu ni kutembeza wageni wanaokuja kutazama ndege katika hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, na darubini huwa shingoni mwangu tangu alfajiri, kwa hivyo nitasema kwa uwazi: kati ya vitu vitatu ulivyovitaja, darubini ndiyo pekee ambayo mwanafunzi wa viumbe vya baharini ataitumia kila wiki. Kisu atakikopa. Dira imo ndani ya simu yake, ingawa simu si ya kutegemewa baharini.

Ila ningekushauri umnunulie mpya, 8x42. Nambari ya kwanza ni mara ngapi kitu kinavutwa karibu, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. 7x50 ni darubini ya baharia. Ukigawanya 50 kwa 7 unapata duara la mwanga la takriban milimita 7 linaloingia jichoni, na hiyo ni neema kubwa usiku au alfajiri juu ya sitaha inayoyumba. Kwa mtu anayetembea kwa miguu mchana kutwa, uzito wake, ambao aghalabu hufika kilo moja, ni adhabu, ilhali 8x42 nyingi huwa kati ya gramu 600 na 800. Halafu darubini nyingi za mabaharia hurekebishwa kila jicho peke yake, jambo ambalo halina shida ukitazama meli iliyo mbali, lakini ndege anayetua ghafla kwenye mkoko ulio mbele yako hakungojei ukirekebisha jicho la kulia kisha la kushoto. Tafadhali tuambie kama yako ina gurudumu la katikati.

Darubini mpya za kiwango cha kati na kuendelea huzibwa kwa pete za mpira na kujazwa nitrojeni kavu, kwa hivyo haziingii unyevu wala hazipati ukungu kwa ndani, na ikirukiwa na maji ya chumvi unaimwagia maji baridi papo hapo. Uliza kwanza kama imezibwa dhidi ya maji na kama imejazwa nitrojeni. Muuzaji akibabaika, ondoka. Na usishawishike na 10x au 12x kwa kuwa nambari ni kubwa, maana mkono ukitetemeka kidogo picha nzima inatetemeka.

Kwa 25,000 hutapata bora duniani, lakini utapata ya kufaa.

Mama Tudor

Babu yetu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari na ni mzazi wa vijana wawili waliopitia mabweni ya vyuo, na ninaona kwamba mazungumzo yamekwenda kwenye nambari yakasahau mahali mtoto anapokwenda kuishi.

Kisu kiondoe kabisa. Umesema binti huvuka Likoni, na pale mizigo hukaguliwa. Akipanda treni Miritini, huko pia hukaguliwa na vitu vya makali haviruhusiwi. Na akiingia bwenini, mlezi wa wanafunzi akikiona atataka maelezo. Zawadi ambayo kila safari humtia mtoto katika maswali itaishia ndani ya kabati la mama yake. Sisemi kisu ni kibaya. Nasema atajinunulia mwenyewe akipata kazi ya baharini.

Darubini mpya inayong'aa nayo ina lake. Chumba cha bweni kina vitanda vinne na rafiki za rafiki, na kitu kipya hupotea bila kelele. Kuukuu yenye mikwaruzo na jina la mtu haina soko. Waswahili walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na ninadhani mama wa binti ameshikwa na hiyo nyemi. Labda anahofia watu watasema babu amekwepa gharama, na hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake ni kuitengeneza darubini hiyo ipendeze, kwa fedha hizo hizo ulizotenga, mpaka mtu akiitazama ajue imegharimiwa.

Mwenzetu wa Mida amesifu darubini zilizozibwa na kujazwa nitrojeni, nami simpingi kwa kuwa ndiye anayezitumia. Swali langu ni hili: pete ya mpira ikichoka baada ya miaka mingi, nani hapa Mombasa ataifungua na kuijaza tena nitrojeni? Nyanya yangu aliniachia kandili ya mafuta ambayo hadi leo huwaka umeme ukikatika, si kwa kuwa chuma chake ni cha ajabu, bali kwa kuwa utambi na kioo chake bado vinauzwa dukani na mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuifungua. Kitu ambacho fundi wa mtaani hawezi kukifungua kina mwisho uliopangwa na mtengenezaji. Ndiyo maana nauliza kama ile 7x50 ya zamani inafunguka.

Babu wa Kuze

Ahsanteni sana, na marahaba kwa walionishika miguu.

Kisu nimekiacha. Dira niliipima dukani kwa kijiko kama nilivyofundishwa, mwenye duka akinitazama kwa mshangao, na kila mara sindano ilisimama mahali tofauti. Nikashukuru nikatoka.

Darubini yangu ina gurudumu la katikati, tena linazunguka bila kukwama, ingawa limekuwa zito. Mwili wake ni ule wenye mabega, ambao lenzi za mbele zimeachana kuliko lenzi za jichoni. Nilizima taa, nikamulika tochi kupitia lenzi kubwa na kutazama kwa pembeni. Mrija wa kulia ni safi, una vumbi tu. Mrija wa kushoto una zile nyuzi nyeupe, zimetoka ukingoni mwa lenzi ya mbele na kuenea kuelekea katikati, pengine robo ya kioo. Kwa miaka mingi ilikaa ndani ya mkoba wake wa ngozi juu ya kabati. Je, nijaribu kuifungua mwenyewe na kuipangusa kwa spiriti?

Fundi Kamera Mstaafu

La, Mzee. Usiifungue kamwe.

Nimefanya kazi ya kamera na darubini tangu enzi za filamu, na darubini nyingi nilizoletewa zikiwa zimekufa ziliuawa na bisibisi ya mwenyewe. Mabega uliyoyaeleza yanaonyesha kuwa ni ile ya muundo wa zamani, ambayo mwanga hukunjwa na prizimu mbili kubwa katika kila mrija, na hii ni habari njema kwako kwa sababu muundo huo ulibuniwa ufunguliwe na fundi. Lakini prizimu hizo zimekaa kwa kipimo, na lenzi za mbele mara nyingi zimeshikwa na pete mbili ambazo zikizungushwa huisogeza lenzi kidogo sana pembeni. Ndizo zinazofanya mirija miwili itazame mahali pamoja. Mtu asiyejua akizifungua akidhani ni za kushikilia tu, hatazirudisha zilipokuwa, na macho ya mtazamaji yatalazimika kufanya kazi ya kuunganisha picha mbili hadi kichwa kiume.

Nyuzi ulizoziona ni kuvu. Inapenda giza, joto na unyevu, na mkoba wa ngozi juu ya kabati katika mji wetu unaipa vyote vitatu, kwa kuwa ngozi hufyonza unyevu na kuushika. Kuvu hutoa asidi inayokula utando mwembamba uliopakwa juu ya lenzi, na ikiachwa zaidi hula kioo chenyewe. Kwa hivyo swali la gharama linategemea jambo moja tu: ikisafishwa, je, alama zitabaki? Robo ya kioo upande wa ukingoni si hali ya kukatisha tamaa. Hata alama zikibaki hapo, picha ya katikati itakuwa safi mchana, na pengine utaona weupe kidogo ukitazama upande wa jua. Mrija wa kulia nao usafishwe wakati huo huo, maana hata pasipoonekana kitu mbegu za kuvu zinaweza kuwa zimo, na gurudumu lililokuwa zito ni grisi iliyokauka, inayotolewa na kuwekwa mpya.

Fundi akikurudishia, usiondoke dukani kabla ya kupima. Tafuta mstari mnyoofu ulio mbali, kama ukingo wa paa la ghorofa, uutazame kwa darubini, kisha uisogeze darubini polepole mbali na macho hadi uone maduara mawili. Mstari ukipita juu katika duara moja na chini katika jingine, mwambie akae tena kazini.

Kuhusu utunzaji, huyo binti asiirudishe kwenye ngozi. Bweni la Kilifi lina unyevu kama kwako. Mnunulie kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, atie ndani vile vifuko vya chembechembe za silika, na avibadilishe au kuvikausha vikishiba. Wengine hutia mchele, nami siupendi kwa sababu ya vumbi lake. Darubini yenye mchanga au chumvi juu ya lenzi isipanguswe ikiwa kavu, kwa kuwa chembe hizo hukwaruza utando. Ipulizwe kwanza, kisha kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Na ajue kwamba hii si ya kumwagiwa maji kama zile za Mida. Ndani ya mashua inayorusha maji, ibaki ndani ya mfuko.

Mtembeza Wageni, Mida

Babu, kwa kuwa ina gurudumu la katikati, nalegeza msimamo wangu, ingawa juu ya uzito sijabadilika. Usimpe na ule mkanda mwembamba wa shingoni. Kuna mikanda ya mabegani, inayopita mgongoni kwa msalaba na kuishika darubini kifuani, na kilo moja ikigawanywa mabegani mtu hutembea nayo tangu maji yanapoanza kupwa hadi yanaporudi. Fedha zikibaki baada ya fundi, nunua huo kwanza. Siku akiwa na kazi ya kuhesabu ndege wa ufuoni kwa saa sita mfululizo, ataazima 8x42 ya idara, na ile ya babu atakuwa nayo kwa safari zake.

Babu wa Kuze

Nimekubali. Darubini itakwenda kwa fundi wiki hii, na mama wa binti nimemsomea maneno ya Mama Tudor. Alicheka, akasema basi naye atalipia sanduku la mbao, alimradi liwe na nakshi. Nadhani sanduku litakaa nyumbani na kopo la plastiki litakwenda Kilifi, lakini hilo sikumwambia.

Limebaki la jina. Sonara mmoja hapa mtaani yuko tayari kuchonga jina lake kwa herufi za Kiarabu upande mmoja na za Kirumi upande wa pili, moja kwa moja juu ya mwili wa darubini. Je, ni sawa?

Fundi wa Changamwe

Si sawa, Mzee. Mwili wa darubini kama hiyo aghalabu ni wa aluminiamu iliyopakwa rangi, au shaba iliyofunikwa kwa ngozi bandia. Kalamu ya sonara ikipenya rangi, chumvi itaingia hapo hapo, na baada ya muda utaona unga mweupe ukiinua rangi pembezoni mwa herufi. Hata vitu vilivyochovywa hali ni hiyo hiyo, kwani mchongo hukata mchovyo na kuacha madini ya chini wazi.

Mwambie sonara achonge kwenye bamba dogo la shaba ya manjano, unene wa milimita moja unatosha, naye achonge kwa mkono na kwa kina, maana maandishi ya juu juu hufutika kwa kusuguliwa na ukwaju kila mwaka. Bamba la kwanza lipigiliwe kwenye sanduku, kwa skrubu za shaba vilevile. Akitumia skrubu za chuma, madini mawili tofauti yakikutana penye unyevu wa chumvi moja hulila jingine, na hapo litakaloliwa ni skrubu, kisha mbao ichafuke kwa kutu. La pili liwe dogo zaidi, lenye tundu, lishonwe kwenye mkanda kwa uzi wa nailoni.